Kuhamia mji wa pwani na familia: Tanga, Bagamoyo, Pangani, Kilwa au Mtwara?

MzaziWaWatatu
Wakuu, habari zenu. Familia inatoka Dodoma kuhamia pwani moja kwa moja, siyo likizo. Watoto watatu: wa darasa la tatu, wa darasa la sita, na mmoja anamaliza la saba mwaka huu. Baba anafanya kazi kwa intaneti, mama ni muuguzi mwenye leseni. Miji tuliyoiorodhesha ni Tanga, Bagamoyo, Pangani, Kilwa Masoko na Mtwara. Dar hatuitaki, na Unguja tumeiweka pembeni. Mpango ni kupanga nyumba ya vyumba vitatu mwaka wa kwanza, halafu kununua kiwanja. Naomba mtupe vitu vya kupimika: maji, shule, hospitali, barabara, ardhi. Picha za machweo tunazo za kutosha.

MwanaSahare
Mkuu, kwa watoto wa umri huo anza na Tanga, halafu hiyo mingine ipime dhidi yake.

Tanga ni jiji tangu 2005, kwa hiyo mnakuta mtandao wa huduma uliokamilika: maji ya bomba mitaa mingi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo mjini kabisa, shule za msingi na sekondari za serikali na za binafsi, benki zote kubwa. Kutoka Dar ni kama kilomita 350 kwa lami yote, kupitia Chalinze na Segera. Mkienda kaskazini, mpaka wa Horohoro mnaufikia kwa mwendo wa saa moja na kitu, na Mombasa mnaenda na kurudi siku hiyohiyo kama forodhani hakuna foleni.

Maji ya jiji yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua uzalishaji na mtandao. Hata hivyo msiseme "Tanga kuna maji" mkaishia hapo. Kwenye kila nyumba mnayokagua fungueni bomba saa mbili usiku, kisha saa kumi na mbili asubuhi, muone shinikizo. Mitaa ya pembezoni iliyoota hivi karibuni mabomba yamefika ila presha huwa hafifu.

Mitaa: Raskazone na Chumbageni ni tulivu, karibu na bahari, kodi iko juu. Ngamiani ni barabara zenye namba, nyumba zimebanana, maisha nafuu, soko miguuni. Sahare na Mwahako nyumba mpya nyingi, mnapata nafasi ya bustani. Kange iko karibu na stendi ya mabasi lakini mbali na bahari. Mji ni tambarare, watoto watakwenda shule kwa baiskeli kama nusu ya mji inavyofanya.

Sasa ubaya wake, usije ukasema hukuambiwa. Bahari ya Tanga mjini siyo ile ya kalenda. Ni ghuba yenye mikoko, na maji yakitoka linabaki tope. Kuogelea kwa raha ni Raskazone maji yakijaa, au mpande gari kwenda Ushongo upande wa Pangani.

KaoleNaDunda
MwanaSahare kaeleza vizuri ila Bagamoyo asiiruke. Mwenye mteja, kikao au mgonjwa wa kliniki Muhimbili, Bagamoyo ndiyo jibu. Ni kama kilomita 65 kutoka katikati ya Dar, na ile lami ya Msata inakutoa barabara ya Tanga na Arusha bila kuingia Dar kabisa. Maji ni ya DAWASA, na mtambo wa Ruvu Chini uko wilaya hiyohiyo.

Angalizo mbili. Moja, mito ya Ruvu na Wami inamwaga karibu, kwa hiyo masika bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa kwa wiki kadhaa. Pili, matangazo ya "viwanja Bagamoyo, karibu na beach". Wilaya ni kubwa. Kiwanja kinaweza kuwa Kiwangwa, ambako bahari utaisikia kwenye redio. Kabla ya kulipa nauli ya kwenda kuona, omba alama ya ramani ya simu ya kiwanja chenyewe, siyo ya ofisi ya dalali.

Kuishi mjini, tafuteni Dunda, Magomeni, Nianjema au Ukuni. Mapinga na Kerege kiuhalisia ni Dar iliyonyooka.

Msimbati_Kwetu
Mtwara mnaisahau kila siku. Ufukwe wa Msimbati na Shangani, Tanga na Bagamoyo zikae pembeni. Gesi ya Mnazi Bay iko hapo, uwanja wa ndege upo na Dar ni kama saa moja angani, na siku hizi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ukiacha Ligula ya mkoa. Kwa muuguzi hilo ni jambo la kuangalia kwa macho mawili. Nyumba nzuri za kupanga ziko Shangani. Mikindani ina mandhari na historia, ila huduma nyingi mtazifuata Mtwara mjini, kama kilomita 10.

Tatizo ni barabara. Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mvua kubwa ikinyesha ukanda wa Somanga mnakuwa kisiwani. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, magari yakalala njiani siku nyingi. Anayehamia kusini aweke nyumbani akiba ya wiki mbili ya gesi, dawa za kila siku na unga kuanzia Machi hadi Mei. Na kila jambo linakuwa juu kidogo msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, pesa ikiwa mtaani: fundi hapatikani, kodi zinapanda. Saini mkataba wa nyumba kabla ya hapo.

Nesi_wa_Zamu
Nikazie la afya, maana watu wanauliza "kuna hospitali?" wakijibiwa ndiyo wanafunga daftari.

Ulizeni hivi: daktari wa watoto yupo siku ngapi kwa wiki? Upasuaji wa dharura usiku unafanyika? Damu salama inapatikana hapo au inafuatwa? Rufaa inakwenda wapi na gari la wagonjwa linachukua saa ngapi? Pangani na Kilwa mna hospitali za wilaya, kesi ngumu zinasafirishwa. Bombo na Ligula ni rufaa za mkoa. Bagamoyo ikishindikana, Muhimbili ni mwendo wa saa mbili kutegemea foleni ya Tegeta na Mwenge. Kama mna kadi ya bima, piga simu kituoni muulize kama wanaipokea kwa kifurushi chenu.

Malaria: watoto waliokulia Dodoma hawana mazoea ya mbu wa pwani, na Mtwara ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa. Chandarua chenye dawa kila kitanda, wavu madirishani, homa yoyote kipimo siku hiyohiyo kabla ya kumeza mseto. Kosa la wageni ni kumeza dawa kwa kubahatisha, halafu kumbe ni dengi. Dengi ilivuma Dar na Tanga mwaka 2019. Mbu wake anauma mchana, chandarua cha usiku hakimzuii, na anazaliana kwenye maji masafi yaliyosimama: pipa lisilo na mfuniko, sahani ya chini ya chungu cha maua, kifuu, mfereji wa paa ulioziba. Kila Jumamosi mwaga na sugua kwa brashi, maana mayai yanagandia ukutani mwa chombo. Homa isiyopimwa usiitibu kwa diklofenaki wala asprini, tumia parasetamoli hadi upate majibu.

Mama mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni inafanya kazi mkoa wowote. Kama ni mwajiriwa wa serikali, uhamisho uanze kushughulikiwa kabla hujalipa kodi ya nyumba, siyo baada.

Mwl_Chaki
Umri wa watoto wako ndio unaokupangia tarehe, mtoa mada. Wa la tatu mwakani ni darasa la nne, wa la sita mwakani ni la saba. Wote wawili wanaingia mwaka wa mtihani wa kitaifa. Usajili wa watahiniwa unafanyika mapema mwaka wenyewe. Kwa hiyo hameni Desemba, Januari wakaripoti shule mpya. Ukihamisha Juni, mtoto anaweza kuwa anasoma Tanga huku namba yake ya mtihani iko Dodoma, na itabidi arudi kufanyia huko.

Utaratibu: barua ya mwalimu mkuu wa shule anayotoka, nafasi iliyothibitishwa na shule anayokwenda, kisha uhamisho unapitishwa na maafisa elimu wa pande zote mbili na kuonekana kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba ya mtoto. Hii namba muiandike mahali, ndiyo inayobeba taarifa zake zote. Barua mkononi bila mabadiliko kwenye mfumo ni karatasi tu.

Wa la saba: mtoto aliyefanya mtihani Dodoma atapangiwa kidato cha kwanza hukohuko. Msishtuke. Fungueni maombi ya uhamisho mara majina yakitoka, mkiwa tayari na shule ya Tanga au Mtwara iliyokubali kwa maandishi. Shule za kutwa za mjini hujaa haraka. Mkipanga nyumba kabla ya kupata shule, mtajikuta mnapandisha mtoto daladala mbili kila asubuhi.

Mtu_wa_Kilwa
Mmetutaja juujuu tu. Kilwa Masoko pazuri, kuna mradi wa bandari ya uvuvi, ufukwe wa Jimbizi uko mjini, samaki bei nafuu.

MwanaSahare
Mkuu Mtu_wa_Kilwa, kwa mvuvi, mfanyabiashara wa samaki au mwenye nyumba ya wageni, sina neno. Kwa familia yenye watoto wa mitihani na baba wa intaneti, ni mji mdogo mno. Pangani hivyohivyo: ufukwe mzuri kuliko wa Tanga, lakini shule na hospitali mnazifuata Tanga, kilomita 50 hivi. Pangani ni ya wikendi hadi barabara ile ya Bagamoyo kupitia Saadani itakapokamilika yote.

Mtu_wa_Kilwa
Sawa, ila ukija likizo unilipe nauli ya boti ya Kisiwani 😄

FundiPampu
Mada ya maji irudi. Pwani nyumba nyingi za kupanga zinategemea kisima, na dalali atakwambia "maji hayakatiki". Kweli hayakatiki, ila chumvi je?

Nunua kipima TDS cha mkononi (kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kile cha betri kama kalamu, ni bei ya kawaida kwenye maduka ya vichujio vya maji. Chukua maji baada ya pampu kukimbia dakika kumi, usichukue yaliyolala kwenye tanki. Chini ya miligramu 600 kwa lita, mtakunywa bila kulalamika baada ya kuchemsha. Ikivuka 1,000 ladha inakuwa mbaya, chai inakataa, sabuni haitoi povu, na hita ya maji inajaa magamba. Ikipanda zaidi ya hapo, ni ya kufulia na choo tu, na mabomba ya chuma yataliwa.

Wengi wanapima mwezi wa tano masika ikiwa imemwagika, wanafurahi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chini ya ardhi ya pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kiangazi, watu wote wakipampu na mvua hakuna, ile tabaka ya juu inapungua na chumvi inapanda kutoka chini. Pima Februari, au mwisho wa kiangazi kirefu, Oktoba. Kama huwezi kusubiri, muulize jirani anayefua nguo, siyo mwenye nyumba.

Mkija kuchimba cha kwenu, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde: Tanga ni Bonde la Pangani, Bagamoyo ni Wami/Ruvu, Mtwara ni Ruvuma na Pwani ya Kusini. Pwani msifikirie "tukichimba ndefu tutapata maji mazuri zaidi". Mara nyingi ni kinyume. Kisima kifupi chenye pampu ndogo inayovuta polepole kwenda tanki la lita 3,000 hadi 5,000 kinadumu kuliko kirefu chenye pampu kubwa.

MpimaArdhi
Kiwanja. Nitaeleza hatua, lakini kwanza mambo matatu ya pwani ambayo mtu wa bara hayajui.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Dalali akikuuzia "beach plot" ya mita 50 kwenda ndani, amekuuzia mahali pa kuweka viti. Mikoko nayo ni hifadhi ya msitu ya serikali. Kiwanja chenye mikoko ndani yake kina mgogoro tayari hata kabla hujasaini.

La pili, miti. Kwa desturi za pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi au miembe ya mwingine. Umenunua shamba, wiki mbili baadaye mzee anaingia na ngazi kuangua nazi zake, na ana haki. Mkataba utaje miti kwa idadi na aina, na wenye miti wasaini kama ni tofauti na muuzaji. Ulizeni pia makaburi. Pwani mengi hayana alama zaidi ya mawe mawili.

La tatu, njia. Wavuvi wana diko lao (mahali pa kuegesha vyombo) na njia ya kulifikia. Ukijenga ukuta ukaifunga utaamkia serikali ya mtaa kila wiki. Tembea kiwanjani alfajiri uone nani anapita.

Hatua zenyewe: chukua nakala ya hati au ofa pamoja na namba ya kiwanja, kitalu na ramani. Peleka Ofisi ya Ardhi kufanya upekuzi rasmi. Utajua jina la mmiliki, kama kuna rehani au zuio la mahakama, na deni la kodi ya pango la ardhi. Lipa mpima akuoneshe vigingi vinne kwa vipimo, vya saruji, siyo "ule mti na ile nyumba". Zungumza na majirani wa pande zote na mwenyekiti wa mtaa. Mkataba mbele ya wakili, mwenza wa muuzaji atoe ridhaa kwa maandishi. Kisha uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji kwa TRA ambayo ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, na uhamisho wa hati. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi kodi ya muuzaji ilipwe. Bila hiyo kodi hati haihami, na muuzaji akishapata pesa zote hana haraka.

Ardhi ya kijiji isiyopimwa ni habari nyingine kabisa. Kama hamna mtu wa kuwasimamia, achaneni nayo.

MzaziWaWatatu
MpimaArdhi ubarikiwe. Hiyo mita 60 inapimwa kutoka wapi, maji yakiwa yamejaa au yametoka?

MpimaArdhi
Pima kutoka mstari wa bamvua, maji makubwa. Ukitaka kuuona bila kifaa, tembea ufukweni siku ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, hasa Machi au Septemba, bamvua zake ndizo kubwa za mwaka. Ule ukanda wa mwani mkavu, vijiti na chupa ulioachwa juu kabisa ndio mpaka wa bahari. Ukiuona uko ndani ya kiwanja ulichotangaziwa, geuza gari. Na mizizi ya minazi ikiwa wazi ukingoni, bahari inakula.

Mjenzi_Pwani
Naongezea ya ujenzi, maana nyumba nzuri ya Dodoma ukiijenga Raskazone kwa namna ileile, mwaka wa tano inabanduka.

Mchanga wa baharini marufuku, hata fundi akisema umeoshwa na mvua. Chumvi inabaki ndani, inavuta unyevu, nondo zinaota kutu, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Dalili utaiona kwenye nguzo: ufa mrefu uliofuata nondo, kisha doa la kahawia. Mchanga uwe wa mto, maji ya kuchanganyia yawe ya bomba. Maji ya kisima cha chumvi kwenye zege ni kosa lilelile.

Nondo zifunikwe kwa zege lisilopungua milimita 40, na upande unaotazama bahari 50. Mafundi wengi wanaacha 20 kwa sababu ndivyo walivyozoea bara. Kagua kabla zege halijamwagwa, chukua futi, pima kutoka nondo hadi ubao wa fomu. Nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi isirukwe, la sivyo rangi ya ukuta inachanua unga mweupe hadi usawa wa goti.

Bati: geji 28, siyo 30. Misumari ikianza kutu ndipo paa linapoondoka na upepo wa kusi. Madirisha ya alumini, grili za chuma zipakwe rangi ya kuzuia kutu kila mwaka kabla ya kusi. Mashine ya nje ya kiyoyozi iwe upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, na isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi.

Upepo: kaskazi unavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kutoka kusini mashariki miezi ya katikati. Madirisha makubwa ya vyumba vya kulala yaelekee huko, na upande wa magharibi ujengwe jiko, stoo na choo vikinge jua la saa tisa. Kufanya hivi kunapunguza bili ya LUKU kuliko kiyoyozi chochote cha "kuokoa umeme".

Msimbati_Kwetu
Mjenzi kagusa penyewe. Na kwa kupanga, angalieni hivyohivyo: nyumba yenye madirisha ya upande mmoja Januari hailaliki.

MzaziWaWatatu
Wakuu, tumeelekea Tanga, Sahare au Chumbageni. Safari ya kukagua tuifanye lini, na tukae siku ngapi? Mkataba wa nyumba wanataka mwaka mzima.

MwanaSahare
Njooni mwishoni mwa Oktoba, wiki moja. Kiangazi kinaisha, visima viko kwenye hali mbaya zaidi, na shule bado zimefunguliwa mnaweza kuongea na walimu wakuu ana kwa ana. Jumatatu na Jumanne ni shule, Jumatano Bombo na vituo binafsi, zilizobaki nyumba. Msilipe chochote kabla barua za shule za wale wawili wa msingi hazijatoka.

Baba apime intaneti ndani ya chumba atakachofanyia kazi saa mbili usiku, siyo mchana, kwa laini mbili za mitandao tofauti. Ulizia kama faiba imefika mtaa huo. Nguzo yenye sanduku jeusi siyo ushahidi, mwenye huduma jirani ndiye ushahidi.

Kuhusu kodi, wengi wanaomba mwaka lakini miezi sita inakubalika ukiongea vizuri, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Mkataba utaje nani anatengeneza pampu ikiungua, na mita ya LUKU isomwe na deni lake liangaliwe siku ya kukabidhiwa funguo. Mita ikiwa ya pamoja na wapangaji wengine, kataeni, ugomvi wake hauishi.

FundiPampu
Na mkija na kipima TDS, mniite niwaelekeze visima vya Sahare vya kuanzia. Viwili vinaweza kutofautiana mara tatu kwa chumvi na vimepishana hatua mia mbili tu.